Pishi ya Kupimia Elimu

Vijana wetu wanaoingia vyuo vikuu hukutana na kipimo ambacho wazee wao hawakukijua: idadi ya mara ambazo maandishi ya mtaalamu yametajwa na wenziwe. Kwa asili yake si jambo geni. Mwanafunzi wa chuoni hutaja aliyemsomesha, ijulikane ameteka katika kisima gani. Wanasayansi nao, waandikapo, hutaja kazi walizozitegemea.

Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alichapisha faharasa iliyokusanya marejeo hayo, na tangu hapo yakawa yanahesabika. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akatoa kipimo kiitwacho h. Mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa mara 20 au zaidi, h yake imefikia 20. Leo kazi, vyeo na fedha za utafiti aghalabu hutolewa kwa kutazama hesabu za namna hii. Ndipo tunapouliza: pishi hii hupima nini?

Tumtazame Donna Strickland, mwanafizikia wa leza aliyezaliwa Kanada mwaka 1959. Katika miaka ya 1980 watafiti wa leza walikuwa wamekwama. Kila walipozidisha nguvu ya pigo fupi la mwanga, nguvu ile iliharibu chombo chenyewe kinachoikuza. Strickland, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, pamoja na mwalimu wake Mfaransa, Gérard Mourou, walipata njia. Kwanza walilirefusha pigo kwa kulipitisha katika uzi mrefu wa kioo, ukali wake ukapungua. Kisha wakalikuza pasi na madhara. Mwisho wakalibana tena likawa fupi na lenye nguvu kubwa mno. Mfano wake ni watu mia mbele ya daraja dhaifu. Wakivuka kwa pamoja litavunjika. Wakifuatana mmoja mmoja watavuka salama, kisha watakusanyika ng'ambo.

Makala yao ilichapishwa mwaka 1985 katika jarida la Optics Communications. Ilikuwa na kurasa 3 tu, nayo ndiyo makala ya kwanza ya kisayansi ya Strickland. Imekwisha kutajwa maelfu ya mara, na mapigo mafupi ya leza hutumika hadi katika upasuaji wa kurekebisha macho. Mwaka 2018 wawili hao waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia, nusu ya pili ikawa ya Arthur Ashkin. Strickland akawa mwanamke wa 3 kuipata tuzo hiyo ya fizikia, baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963.

Sasa tupige hesabu. Lau Strickland angeliishia kwenye makala ile, h yake ingelikuwa 1, kwani makala moja haimpi mtu zaidi ya hapo, hata itajwe mara milioni. Mwingine mwenye makala 10 za kawaida, kila moja ikatajwa mara 10 na rafiki zake, angelihesabiwa 10. Tena anayetajwa ili afuatwe na anayetajwa ili akosolewe huhesabiwa sawasawa. Na siku tuzo ilipotangazwa, Strickland alikuwa angali profesa mshiriki katika Chuo Kikuu cha Waterloo. Cheo cha profesa kamili hakuwa amekiomba.

Hatusemi kwamba hesabu hazina faida. Mtafiti asiye na jamaa mwenye cheo huweza kuonyesha hesabu zake, na kazi ikamsemea. Lakini kijana akifunzwa kwamba hesabu ndiyo elimu, ataandika makala kumi nyepesi badala ya moja nzito, na hapo jamii nzima itakuwa imepata hasara.

Basi mwanao akirudi likizo akakwambia kuwa mwalimu wake ametajwa mara elfu, mpongeze mwalimu huyo, kisha muulize mwanao: aligundua nini, na ni nani aliyenufaika? Pishi hutwambia mchele ni kiasi gani. Kama una mchanga, hilo hujulikana mdomoni.