Kijibwa cha Maonyesho na Tahara ya Mtunzaji

Sisi watu wa pwani tukimtaja mbwa, mara nyingi huwa twamtukana mtu. Mbwa kwetu ni wa kutupiwa kijiwe akikaribia mlango, na mtoto aliyelambwa naye hupelekwa mbio mferejini. Kwa hivyo msomaji wa Lamu, Mombasa au Vanga atastaajabu akiambiwa kwamba huko bara ziko nyumba ambamo mtoto wa mbwa asiyefika kilo tatu huoshwa kwa sabuni yake mwenyewe, akachanwa nywele, akakatwa kucha, akafunzwa kusimama wima juu ya meza mbele ya mwamuzi, ili apewe utepe na kikombe. Na huenda akastaajabu zaidi akijua kwamba mikono ifanyayo kazi hiyo yaweza kuwa ya kijana wa kwetu, aliyekwenda bara kutafuta riziki na kazi aliyoipata ndiyo hiyo.

Tuchukue Kitengela, katika Kajiado. Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu, ukifika Athi River ukapinda kushoto kuifuata njia ya Namanga, hukawii utauona mji huo. Zamani ilikuwa ni nchi ya malisho ya Wamaasai, kusini ya mbuga ya wanyama ya Nairobi. Leo malisho yamekatwa viwanja, na viwanja vimejengwa nyumba zenye kuta na milango ya chuma. Nyuma ya kuta hizo wapo mbwa wa kila namna: wakubwa wa kulinda, na wadogo wa kufurahisha macho. Na nje ya ukuta, katika vumbi, hupita mchungaji na mbuzi wake, na nyuma ya mbuzi yuko oldia, kama Wamaasai wamwitavyo mbwa, mwembamba, mwenye masikio yaliyotatuka, hana cheti wala sabuni.

Hao wawili tutawarudia. Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana kazi ni kazi, na hii ina ufundi wake.

SAMAKI MKUNJE

Katika maonyesho yafuatayo desturi ya Uingereza, ambayo ndiyo iliyoletwa Kenya na ndiyo ifuatwayo na East Africa Kennel Club, chama chenye daftari la nasaba za mbwa, mtoto wa mbwa kwa kawaida huanza kushindana akitimiza miezi sita. Lakini anayengoja miezi sita ndipo aanze kumfunza amekwisha kuchelewa. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mtoto wa mbwa huanza masomo akiwa na majuma manane au kumi tu.

Somo la kwanza ni meza. Mbwa mkubwa mwamuzi humkagua chini, lakini mdogo huwekwa juu ya meza ili mwamuzi asivunjike mgongo kwa kuinama. Basi nyumbani hutafutwa meza imara, ikatandikwa mpira usioteleza, na mtoto akasimamishwa hapo kwa dakika moja tu, akapewa kipande cha ini lililochemshwa, akateremshwa. Kesho dakika mbili. Asiachwe peke yake hata kwa kufumba na kufumbua. Miguu ya mbwa hawa ni myembamba kama njiti, na akiruka kutoka mezani huvunjika, na safari ya maonyesho ikaishia kwa daktari wa mifugo.

Akishazoea kusimama, hufunzwa kuguswa. Mwamuzi ni mtu mgeni, naye atamshika kichwa, atafunua midomo atazame meno, atapapasa mabega, mbavu na mapaja, na akiwa dume atahakikisha kwamba pumbu zote mbili zimeshuka. Mbwa aliyeguswa na bwana wake tu ataona kwamba anashambuliwa, ataruka au atauma, na uzuri wake wote hautamfaa kitu. Dawa yake ni kuwaomba jirani, wanaume kwa wanawake, mwenye miwani na mwenye kofia, wampapase mmoja mmoja. Hapo kwenye meno pana jambo la kuangaliwa sana. Baina ya miezi minne na saba meno ya utoto hung'oka na ya utu uzima huota, na ufizi huuma. Siku hizo mdomo usilazimishwe, la sivyo atauchukia mkono wa mwamuzi maisha yake yote. Tena mbwa wadogo wana kasoro yao: mara nyingi chonge la utoto hukataa kung'oka, likalisukuma la pili upande. Mtunzaji hodari huliona mapema akamwita daktari.

Somo la tatu ni mwendo. Mbwa huenda kushoto kwa mtu, kamba nyembamba ikilegea, kwa mwendo wa shoti, wala si kukimbia wala kurukaruka. Huzungushwa duara, akapelekwa pembe tatu, kisha akaenda na kurudi kwa mstari mmoja, ili mwamuzi aone miguu kwa nyuma, kwa ubavu na kwa mbele. Hapa ndipo Kitengela inapomwonea mtu. Udongo wake mweusi wakati wa mvua hunata kama ugali usioiva, na wakati wa kiangazi hupasuka na kutimka vumbi. Miiba nayo imejaa, na kupe. Basi mbwa hufunzwa juu ya saruji ya uani. Siku ya maonyesho akikuta nyasi, huinamisha pua akanusa kama aliyepotelewa na shilingi, na bwana wake akaona haya mbele za watu. Wenye kujua huzitafuta nyasi mapema, hata kama ni kwa kumwomba jirani mwenye bustani.

Chakula ni kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, kwani mtoto wa mbwa mdogo sana akikaa na njaa sukari ya damu hushuka, akalegea, na akaweza kufa. Baridi ya alfajiri ya Juni na Julai nayo si ya kuchezewa. Chanjo zisikosekane, hasa ya kichaa cha mbwa, ambayo ni haki ya watu kabla ya kuwa haki ya mbwa: serikali ya Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa wanadamu ifikapo 2030.

Urembo nao hutegemea kabila la mbwa. Chihuahua mwenye nywele fupi hutosheka na kitambaa kibichi. Jack Russell wa nywele ngumu hung'olewa nywele zilizokufa kwa vidole, hanyolewi kwa mashine, maana mashine hulainisha manyoya. Maltese ndiye mateso matupu: nywele nyeupe za hariri ziburuzazo chini, katika nchi ya udongo mweusi! Huyo huchanwa kila siku, na nywele zake zikakunjwa ndani ya vikaratasi kama za bibi harusi. Lakini kutia rangi, au dawa ya kubadili manyoya yalivyo, kumekatazwa na sheria za maonyesho. Hilo mfanyabiashara Mwislamu ataliona ni sawa, kwani hata sokoni kughushi bidhaa ni haramu.

MSHENZI AMEPEWA KIKOMBE

Desturi hii haikuanzia kwetu. Maonyesho mashuhuri kupita yote ni ya Crufts, Uingereza, yaliyoanzishwa mwaka 1891 na mfanyabiashara aitwaye Charles Cruft. Hata hivyo yumo humo mbwa mmoja wa Afrika ambaye kisa chake kinatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine.

Mwaka 1895 walionyeshwa Crufts mbwa wawili wadogo kutoka Kongo, wenye masikio yaliyosimama, mkia uliosokotwa juu ya kiuno, na mikunjo ya kipaji kama mzee anayefikiri deni. Haukupita muda wakafa kwa maradhi ya distempa, ambayo mbwa wa Ulaya walikuwa nayo na wao hawakupata kuyajua. Miaka ikapita, wengine wakachukuliwa, nao wakafa. Hata mwaka 1937 mwanamke wa Kiingereza, Bi. Olivia Burn, akawaonyesha Crufts mbwa aliowatoa Kongo, na watu wakasongamana kuwatazama. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba mbwa hawa hawabweki kama wengine. Hutoa sauti yao ya ajabu, kama mtu ajaribuye koo kabla ya kuimba.

Jina walilopewa ni Basenji. Hilo huelezwa kuwa limetoka katika lugha za Kongo, kwa maana ya watu wa porini, na Mswahili hahitaji mkalimani: ni ndugu wa neno letu "washenzi". Neno ambalo wenye miji walimdharaulia mtu wa bara na mbwa wake, leo limeandikwa kwa herufi nzuri katika vyeti vya nasaba huko London na New York, na watu hulipa fedha nyingi kumpata mbwa mwenye jina hilo. Kipimo chake kimewekwa: dume urefu wa sentimita 43 begani, jike 40, uzito kilo 11 na tisa na nusu. Mwaka 1990 Wamarekani walilifungua upya daftari lao la nasaba ili waingie Basenji waliotolewa tena Afrika mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa damu ya wale wa Ulaya na Marekani ilikuwa imebanana. Yaani wenye vyeti walirudi kuomba damu kwa wasio na cheti. Nikimtazama oldia akipita na mbuzi wake Kitengela, hukumbuka hayo nikacheka peke yangu.

NANI MWENYE RUHUSA?

Sasa turudi kwa wale wawili, wa ndani ya ukuta na wa nje. Mwamuzi wa maonyesho atampa kikombe wa ndani bila kumtazama wa nje. Sheria yetu hupima kwa kipimo kingine. Katika Hadithi sahihi tumeonywa kwamba afugaye mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio tuwafuatao wengi wetu pwani, wamemkisia humo mbwa wa kulinda nyumba. Kwa hiyo oldia asiye na cheti ana nafasi yake katika vitabu vya fiqhi, na yule jibwa la mlangoni pia. Kijibwa cha meza, ambacho hakichungi wala hakilindi, ndicho kisichokuwa na udhuru, wala thamani ya kumuuza si halali katika madhehebu yetu. Waarabu wa Ghuba nao wana mashindano ya uzuri wa mbwa aina ya saluki, huko Abu Dhabi, lakini saluki ni mbwa wa kuwinda, na mbwa aliyefunzwa kuwinda ametajwa katika Sura ya Al-Maida.

Basi Mwislamu hana haja ya kuulizwa kama afuge kijibwa cha maonyesho, jibu analo. Swali zito ni la yule kijana aliyeajiriwa kumtunza mbwa wa mtu mwingine. Nasema aende kwa sheikh wake kabla ya kuikubali kazi, si baada ya mshahara wa kwanza. Lakini akiwa yumo tayari, na nyumbani wapo wanaomngoja, ni vyema ajue mambo matatu bila kubahatisha.

La kwanza, kumgusa mbwa hakuvunji udhu. Wengi hudhani hivyo, si kweli. Linaloharibu sala ni najisi kubaki mwilini au nguoni.

La pili, kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Mkono mkavu ukishika manyoya makavu, hapana kitu. Ukiwapo umajimaji, mate, jasho au maji ya kuogea, basi kwa Shafii mahali hapo pataoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Imam Malik yeye asema mbwa aliye hai ni tahiri, na Mahanafi wengi wanaona najisi ni mate yake, si manyoya. Rehema imo katika hitilafu zao, lakini mtu asirukeruke madhehebu kwa uvivu wa kuosha.

La tatu, mbwa ana haki ya kutendewa wema. Sote twajua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kwa hivyo anayemnyima maji mbwa wa tajiri wake kwa kisingizio cha dini hakuielewa dini hiyo.

Kwa vitendo, mtunzaji mwenye akili hupanga siku yake hivi: kuosha na kukata kucha hufanya baada ya Isha au baada ya Alfajiri, si nusu saa kabla ya Adhuhuri, huvaa glavu za mpira ndefu na koti la kazi lisilotoka uani, husimama mbali mbwa anapojikung'uta maji. Kuchana na mazoezi ya mezani hufanya manyoya yakisha kukauka kabisa.

Siku ya maonyesho ndiyo ngumu. Safari ya Nairobi huanza kabla ya jua, ukaguzi huchukua asubuhi yote, na Adhuhuri huingia kama saa sita u nusu, pengine hapo hapo zamu yake inapoitwa. Wakati wa Adhuhuri ni mrefu, na zamu ya mezani ni dakika chache. Asali baadaye, lakini asiingoje Alasiri kwa ajili ya kugawa vikombe. Awe na mwenzake wa kuishika kamba. Kanzu na mkeka wa kusalia viwe katika mfuko wao, mbali na brashi na mataulo. Na kwa kuwa viwanja vya mjini vina lami na saruji tele, achukue kutoka Kitengela galoni ya maji na kopo la udongo mkavu uliochekechwa, ulio safi, usiokanyagwa na mbwa. Ule mweusi hushika vidole, lakini ukikorogwa vizuri majini hufaa.