Farasi Mwenye Mbawa na Binti wa Nyaramba



Hivi karibuni nilizuru Nyaramba, kaunti ya Nyamira, kwenye vilima vya majani chai ambako Waislamu ni wachache. Baada ya sala ya Alasiri mwenyeji wangu alinipa simu. "Sheikh, binti yangu anachora watu watembee ndani ya mchezo. Nimkataze?" Binti alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa.

Mwenye kuulizwa hukumu hana budi kulijua jambo kwanza. Nikasema, "Njoo, mwanangu, nieleze."

Alinifunza kwamba mchoro hautembei; jicho ndilo linalodanganyika. Katika filamu hupita picha 24 kila sekunde, na wachoraji wa katuni mara nyingi huchora 12 tu, kila moja ikionyeshwa mara mbili. Mwendo wa mhusika wa mchezo waweza kutosheka na michoro 8 inayorudiwa. Kwa hiyo wa mwisho sharti uungane na wa kwanza, la sivyo mhusika atachechemea.

Kabla ya mwendo huja umbo. Mwaka 1981 Mjapani Shigeru Miyamoto alimbuni Mario kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong. Vitone vya rangi vya kuchorea vilikuwa haba. Akamvisha kofia ili aepuke kuchora nywele, akamwekea masharubu ili pua ionekane, na ovaroli ili mikono ipambanuke na kiwiliwili. Uhaba ukazaa sura ijulikanayo duniani kote. Nasi hatuko nyuma: tangu 2014 katuni za Ubongo Kids, zitokazo Dar es Salaam, huwafunza watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Mhusika wa binti yule ni mama mchuma chai mwenye kikapu mgongoni. Kikapu kilijaa, lakini hatua zikabaki nyepesi. Akamfuata mamake shambani, akatazama jinsi mgongo unavyoinama na mguu unavyokawia kunyanyuka. Akachora upya.

Kuhusu hukumu, maulamaa wamehitilafiana. Wapo wanaokataza kila picha ya chenye roho, kwa hadithi sahihi zinazowaonya watengeneza sanamu. Wapo wanaotofautisha kinachotukuzwa na kisichotukuzwa, na wengi wameruhusu vichezeo vya watoto. Bibi Aisha, radhiya Llahu anha, alicheza na wanasesere nyumbani mwa Mtume (s.a.w.). Katika mapokezi ya Abu Daud, Mtume aliona miongoni mwao farasi mwenye mbawa za vitambaa, akauliza habari zake. Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman waliokuwa na mbawa. Mtume akacheka.

Nilimwambia baba: mimi simkatazi. Sala itangulie, mhusika avae stara, mchezo usiwe wa kamari, nawe uketi kando yake uone anachofanya. Ukimfukuza na simu yake, atachora gizani, nawe hutajua anachora nini.

Baba alinyamaza kitambo, kisha akaichukua simu. "Huyu mama, kikapu chake kina kilo ngapi?"

Binti akainua kichwa. Wakaketi pamoja kwenye jamvi, mama naye akaja kuwasahihisha.

Akina baba na akina mama, kabla ya kukataza, ulizeni. Wallahu aalam.