Maana ya Kipimo cha Asidi ya Uriki

Wamepima damu yako, nao wamekupa karatasi. Juu yake unaona maneno haya: asidi ya uriki. Usiogope mbele ya kufahamu maana yake.

Asidi ya uriki ni takataka ya mwili. Inatokea mwili unapovunja vitu vyake vilivyochakaa, na tena unapovunja vyakula. Damu inaichukua, na figo zinaitoa nyingi kwa njia ya mkojo. Figo zikiwa zaifu, takataka hii inazidi katika damu.

Kwa mwanaume hesabu ya kawaida ni karibu miligramu 3,5 mpaka 7 katika desilita moja ya damu. Kwa mwanamke ni karibu 2,5 mpaka 6. Angalia hesabu zilizoandikwa kwa karatasi yako, maana maabara hazilingani.

Asidi ikizidi sana, inaweza kuganda ndani ya viungo, kama ncha ndogo za sindano. Hapo mtu analala mzima, naye anaamka usiku na kidole kikubwa cha mguu kimevimba, chekundu, cha moto. Hata shuka haivumilii. Huu ni ugonjwa wa guti. Wengine wanasema, «Jirani amenitegea dawa njiani.» Hapana! Usimchukie jirani yako bure.

Lakini sikia vizuri: watu wengi wenye hesabu ya juu hawapati guti hata kidogo. Na mwingine anaumwa guti kabisa, lakini siku ile kipimo kinaonyesha hesabu nzuri. Kwa hiyo muganga atapima tena nyuma ya majuma mawili au zaidi. Karatasi peke yake haitoshi. Lazima aangalie na mwili.

Basi, fanya hivi:

1. Mwambie muganga dawa zote unazokunywa. Dawa zingine za kuongeza mkojo, na zingine za kifua kikuu, zinapandisha asidi. Lakini usiziache wewe mwenyewe.

2. Usinunue alopurinoli sokoni kwa sababu ya hesabu tu. Kwa watu wengine inaleta vidonda vikali vya ngozi, hata kifo.

3. Acha pombe. Punguza maini, figo za nyama, na samaki wadogo. Kunywa maji, isipokuwa muganga amekukataza.

4. Kiungo kikivimba pamoja na homa, njoo hospitali siku ile ile. Pengine ni usaha, nao unaharibu kiungo upesi.