Zege Kwanza, Ngazi Baadaye

Mwaka 2012 mtengeneza filamu mmoja alitega kamera mbele ya ngazi za kituo cha treni cha 36th Street, Brooklyn, jijini New York. Abiria walijikwaa mmoja baada ya mwingine, vijana kwa wazee, wote kwenye kidato kile kile. Kidato hicho kilizidi wenzake kwa kimo kidogo mno, kiasi ambacho jicho halikukibaini. Video ikaenea, na haikupita muda ngazi zikafungwa zirekebishwe.

Mtu akishapanda vidato viwili vitatu, mwili hukariri kimo chake. Kuanzia hapo mguu hauangalii tena. Hunyanyuliwa kiasi cha kuvuka ukingo tu, bila kupoteza nguvu. Kidato kikibadilika, ncha ya kiatu hugonga. Kwa hiyo kanuni za nyumba za kuishi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinataka tofauti kati ya kidato kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote isizidi milimita 9.5. Ni ukali wa haki.

Kanuni hiyo huwatesa wengi uani. Nyumba nyingi za Marekani na Kanada zina baraza la mbao nyuma, limeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake ua wa zege wa kuwekea meza na jiko la kuchomea nyama. Mwenye nyumba anayejenga kidogo kidogo hutamani aanze na ngazi, maana baraza lisilo na ngazi halina faida. Zege atalimwaga fedha zikipatikana.

Tuseme baraza liko sentimita 120 juu ya udongo. Fundi anagawa kwa saba na kupata vidato vya sentimita 17 na ushee. Mwaka unaofuata zege linamwagwa, na uso wake unasimama sentimita 7 juu ya udongo wa awali. Kidato cha chini sasa kimebaki na sentimita 10, huku wenzake wakiwa na 17. Si milimita tisa tena, ni sentimita saba, na mbao zinazobeba ngazi, zilizokwisha kukatwa meno kama msumeno, hazirefushwi wala hazifupishwi. Dawa ni kuzitupa.

Zege likitangulia, ni 113 kugawanya kwa saba. Au ndivyo inavyoonekana. Ua wa zege haulazwi sawasawa. Huinamishwa sentimita 2 hivi kwa kila mita ili maji ya mvua yaikimbie nyumba. Ngazi ya vidato saba ina sehemu sita za kukanyagia, na kila moja ikiwa na sentimita 28, mguu wa ngazi hutua karibu mita 1.7 mbele ya baraza. Hapo zege limeshuka sentimita 3 na nusu. Kimo cha kugawanya basi ni 116 na nusu, na kinapimwa pale ngazi itakapotua. Fundi anayeshusha futi yake kutoka ukingoni mwa baraza amepima mahali pengine kabisa.

Lakini kuna kazi inayolitangulia hata hilo zege: mashimo. Mjini Minneapolis msingi wa nguzo za baraza hushushwa inchi 42, yaani sentimita 107, ili ukae chini ya udongo unaoganda wakati wa baridi. Maji yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi, na zamani wengi waliamini kwamba upanukaji huo ndio unaoinua ardhi. Mwanajiolojia Mmarekani Stephen Taber alilipima jambo hilo katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1929 na 1930. Aliloweka udongo kwa benzeni, kimiminika ambacho hunywea kikiganda, na udongo ukainuka vile vile. Kumbe barafu inapojijenga huvuta kimiminika zaidi kutoka chini kupitia vitundu vya udongo laini, ikapanga tabaka juu ya tabaka.

Ua wa zege wenye unene wa sentimita 10 hauna mizizi ya kina hicho. Baridi ikiingia unaweza kuinuka, ilhali baraza limetulia kwenye nguzo zake, na ngazi iliyo katikati inabanwa. Ndiyo maana mafundi makini huchimba mashimo yote kwa pamoja, ya baraza na ya mguu wa ngazi, kisha humwaga zege la ua kuzunguka misingi hiyo, na kati yake huacha mwanya uliojazwa kitu laini.

Baada ya hapo ni kungoja. Zege haliwi gumu kwa kukauka, bali kwa saruji kuungana na maji, hivyo hufunikwa na kuloweshwa. Nguvu yake hupimwa rasmi siku ya 28, ingawa baada ya wiki moja limekwisha kupata sehemu kubwa. Mbao za ngazi hukatwa wakati huo, na chini hupunguzwa unene wa ubao mmoja wa kukanyagia. Bila hivyo kidato cha kwanza kitazidi kwa unene huo, na cha mwisho kitapungua kiasi kile kile.

Nairobi hakuna barafu ya ardhini, lakini kuna udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi. Huko mafundi huuchimba na kuuondoa, wakashindilia mawe na murami, ndipo wakamwaga zege.