Dan Morgenstern: kazi ya mwanahistoria wa jazi

0. Utangulizi

Tarehe 7 Septemba 2024 alifariki mjini New York Dan Morgenstern, mwandishi wa habari za muziki na mwanahistoria wa jazi, akiwa na umri wa miaka 94. Hakuwa mpiga ala mashuhuri, wala hakuacha wimbo unaoimbwa. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya miaka 50, wanamuziki, wataalamu na wasikilizaji walimwendea yeye walipotaka kujua nani alipiga nini, wapi, lini na pamoja na nani.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo, na kwa njia hiyo kujibu swali linalowahusu pia wanafunzi wa Kiswahili: sanaa isiyoandikwa na wenyewe hupataje historia? Swali hilo si geni kwetu. Sisi tunaochunguza nyimbo, ngano na methali tunajua kwamba neno linalotoka kinywani lina maisha mafupi lisipopata mtu wa kulipokea. Jazi, muziki uliochipuka kati ya watu weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, una shida iyo hiyo. Sehemu yake kubwa hubuniwa papo hapo wakati wa kupiga. Nota zilizoandikwa, kama zipo, huonyesha mifupa tu. Nyama na damu zimo katika sauti.

1. Mtoto wa wakimbizi

Morgenstern alizaliwa Munich, Ujerumani, tarehe 24 Oktoba 1929, akakulia Vienna, Austria. Baba yake, Soma Morgenstern, alikuwa Myahudi mwenye asili ya Galicia, mwandishi wa riwaya na wa magazeti. Mama yake alikuwa binti wa Paul von Klenau, mtunzi wa muziki wa Denmark. Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria, jamaa hiyo ilitawanyika: baba alikimbilia Ufaransa, mama na mtoto wakaenda Denmark. Mwaka uo huo, mjini Copenhagen, mtoto alimsikia kwa masikio yake mpiga piano Fats Waller, aliyekuwa ziarani kutoka Marekani. Mnamo Oktoba 1943, Wajerumani walipotaka kuwakamata Wayahudi wa Denmark, alivushwa hadi Sweden pamoja na maelfu ya wengine. Mwaka 1947 alifika New York na kumkuta baba yake.

Huenda msomaji akashangaa kwamba mwanahistoria wa muziki wa watu weusi wa Marekani awe mtu wa Ulaya. Lakini hakuwa wa kwanza. Mbelgiji Robert Goffin, mwanasheria na mshairi, alitoa kitabu chake Aux frontières du jazz mwaka 1932. Mfaransa Hugues Panassié alifuata kwa Le Jazz hot mwaka 1934, na mwaka 1936 Charles Delaunay akachapisha orodha kubwa ya santuri za jazi. Hao walianza kuujua muziki huo kwa mbali, kwa njia ya santuri na ya ziara za wanamuziki waliopita Ulaya. Morgenstern alikwenda kuishi mahali muziki ulipokuwa ukipigwa kila usiku, na akafanya urafiki na wapigaji wenyewe. Tofauti hiyo ndiyo iliyoipa kazi yake sura yake.

2. Kazi ya gazeti

Baada ya utumishi wa jeshi, Morgenstern alisoma katika Chuo Kikuu cha Brandeis, ambako alihariri gazeti la wanafunzi. Kuanzia mwaka 1958 aliliandikia gazeti la Uingereza, Jazz Journal, habari za New York. Mwaka 1961 alikuwa mhariri wa Metronome, gazeti kongwe lililoanzishwa katika miaka ya 1880. Lilifungwa mwaka huo huo, yeye akiwa mhariri wake wa mwisho. Alihariri kisha gazeti lililoitwa Jazz, na mwaka 1964 akaingia Down Beat, lililokuwa likitolewa Chicago tangu 1934. Alikuwa mhariri mkuu wake kuanzia mwaka 1967 hadi 1973.

Miaka hiyo ilikuwa migumu. Vijana walikuwa wamegeukia muziki wa rock, na wanajazi wenyewe walikuwa wamegawanyika kati ya wapenda mtindo wa kale na wapenda mtindo mpya. Mwaka 1967 Down Beat lilitangaza kwamba litaandika pia juu ya rock. Morgenstern hakujiunga na kambi yoyote. Aliona kwamba mwandishi anayeua nusu ya muziki ili kuitukuza nusu nyingine anaiachia historia kilema.

Mfano mzuri ni Louis Armstrong. Katika miaka ya 1950 na 1960 wahakiki wengi walidai kwamba mpiga tarumbeta huyo mkuu alikuwa amekwisha: eti sanaa yake ilikoma katika miaka ya 1920, na baada ya hapo alibaki mchekeshaji. Morgenstern alikataa. Aliendelea kumsikiliza, akamhoji kwa ajili ya Down Beat mwaka 1965, na mnamo Julai 1970 gazeti likakusanya salamu za wanamuziki wengi, wa kale na wa kisasa, kwa kutimiza kwake miaka 70. Armstrong alifariki Julai iliyofuata.

Hapa panafaa kuongeza jambo moja. Armstrong alisema siku zote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900. Katika miaka ya 1980 mtafiti mmoja alikuta katika kitabu cha ubatizo cha parokia moja ya New Orleans kwamba tarehe ya kweli ni 4 Agosti 1901. Sherehe ya 1970 ilikuwa imetangulia kwa mwaka mzima na zaidi. Tunajifunza nini? Kwamba neno la msanii ni ushahidi wa thamani, lakini ni ushahidi mmoja tu, nao hulinganishwa na mwingine.

3. Maandishi ya jalada la santuri

Umaarufu wa Morgenstern ulitoka hasa katika aina ya maandishi ambayo wengi hawaihesabu kuwa fasihi wala elimu: maelezo yanayochapwa kwenye jalada la santuri. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Grammy mara nane.

Ili kuelewa uzito wa maelezo hayo, tukumbuke kwamba santuri nyingi za zamani zilitaja jina la bendi na la wimbo tu. Nani alipiga klarineti? Hakuna aliyeandika. Mwanahistoria huanza na namba iliyochongwa katika santuri, hutafuta daftari la kampuni, huwauliza wazee waliobaki, na mwishoni husikiliza tena na tena, kwa maana kila mpigaji ana sauti yake kama kila msemaji alivyo na matamshi yake. Mwanaisimu anayetambua lahaja ya mtu kwa sentensi mbili hatashangaa kusikia kwamba mtu aweza kumtambua mpiga tarumbeta kwa nota chache.

Moja ya tuzo hizo aliipata kwa maelezo ya santuri ya mpiga piano Art Tatum, God Is in the House, iliyotolewa mwaka 1973. Muziki wake ulikuwa umenaswa mwaka 1940 na 1941 katika vilabu vya usiku vya Harlem na mwanafunzi aliyekuwa na mashine ya kuchongea santuri. Tatum alikuwa amefariki mwaka 1956. Bila kijana yule usiku ule haungebaki. Na bila maelezo msikilizaji wa 1973 angesikia kelele za watu na piano, asijue yuko wapi wala mbele ya nani.

4. Nyumba ya kumbukumbu

Mwaka 1976 Morgenstern aliacha maisha ya mwandishi wa kujitegemea, akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Mafunzo ya Jazi katika Chuo Kikuu cha Rutgers, mjini Newark. Taasisi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1952 na Marshall Stearns katika makao yake mwenyewe mjini New York. Stearns alikuwa profesa wa fasihi ya Kiingereza, mtaalamu wa washairi wa Zama za Kati. Mtu aliyezoea kulinganisha nakala za kale aliona kwamba santuri nayo ni nakala, inayostahili kulindwa kama hati ya ngozi. Mkusanyiko wake ulihamia Rutgers mwaka 1966.

Morgenstern aliiongoza taasisi kwa muda wa miaka 35 hivi. Santuri na kanda zilizomo zilipita 100,000, pamoja na picha, barua, vitabu, magazeti na ala zilizoachwa na wanamuziki. Mwaka 1979 taasisi ilipokea mradi wa mahojiano ulioanza mwaka 1972 kwa fedha za serikali ya Marekani: wanamuziki wapatao 120, wengi wao wenye umri wa miaka 60 au zaidi, walihojiwa kwa kirefu juu ya maisha yao. Sababu ya kuwaanza wazee haihitaji maelezo. Mwaka uo huo wa 1979 kilianza pia kipindi cha redio kilichowarudishia wasikilizaji sauti zilizokuwa zimelala katika rafu. Kumbukumbu isiyotoka nje ya ghala ni kama imezikwa mara ya pili.

5. Mhakiki au mtetezi?

Morgenstern hakupenda kuitwa mhakiki. Alichagua kujiita mtetezi wa jazi, na mwaka 2007 mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani ulimtunukia cheo cha bingwa wa jazi kwa sababu ya utetezi huo. Mtu aweza kuona hatari hapa: mtetezi hupenda, na mwenye kupenda huweza kufumba macho.

Lugha yetu yatusaidia kulitazama jambo hili vizuri zaidi. Neno critique la Kifaransa lina asili ya Kigiriki yenye maana ya kutenga na kuhukumu. Neno letu mhakiki limetoka katika shina la Kiarabu linalotupa pia haki, hakika na kuhakikisha. Kwa asili ya neno, mhakiki si hakimu anayetoa alama, bali ni mtu anayetafuta hakika ya jambo. Alichokataa Morgenstern ni ule uhakimu; kazi ya kuhakikisha hakuiacha hata siku moja. Nasi tungethubutu kusema kwamba alikuwa mhakiki kwa maana ya Kiswahili, na kwamba utetezi wake ulisimama juu ya uhakiki huo: alimtetea Armstrong kwa kuonyesha santuri, tarehe na ushahidi.

6. Upande wetu

Historia hii inaigusa nchi yetu. Mwishoni mwa Oktoba 1960 Armstrong alifika Léopoldville, na mnamo Novemba akapiga muziki Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakati Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai. Husimuliwa mara nyingi kwamba vita vilisimama ili watu wamsikilize, naye mwenyewe alipenda kusimulia hivyo. Ni hadithi tamu. Lakini ni nani aliyekaa na wazee wa mji huu akawauliza walichokiona na kukisikia? Waliokuwa na miaka 20 wakati ule wamepita sasa miaka 80.

Jina lenyewe la jazi lilitufikia mapema, kama zinavyoshuhudia African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoanza mwaka 1953, na OK Jazz ya mwaka 1956. Na hapa Katanga, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa na mwimbaji wa Kiswahili, mjini Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Tunamshukuru aliyezitunza. Hata hivyo, mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kuchunguza Kiswahili cha Likasi cha mwaka 1952 hana budi kuelekeza macho maelfu ya kilomita kusini.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya jazi haikujijenga yenyewe. Ilijengwa na watu waliosikiliza, waliouliza, walioandika tarehe, na waliokubali kwamba jalada la santuri linastahili bidii ile ile ya kitabu. Kwa idara zetu fundisho ni la vitendo. Tunaponukuu wimbo katika tasnifu, tusitoe maneno matupu. Tuandike pia jina la mwimbaji na la wapigaji, mji, mwaka, lugha zinazochanganyika, nani alirekodi, na nakala iko wapi. Na wazee walio hai tuwahoji kabla ya kuchagua nadharia ya kuwachambulia, kwa maana nadharia itatungoja.