Mgomba hauna shina: jibu kwa mdogo wangu wa agronomia

Mmoja wenu aliniuliza wiki hii: "Yaya, hii kozi ya botaniki itatusaidia nini? Zilemu, floemu, tunashika kwa kichwa, tunatapika ku ekzame, basi." Sikumujibu pale pale. Jibu yangu iko ndefu, na haya iko ndani.

Mimi niko mtoto wa Kalehe, kandokando ya Ziwa Kivu. Kwetu mgomba njo benki. Minervali yangu ya miaka miwili ilitoka kwenye bitoke na kasiksi ya baba mdogo. Nilipomaliza mwaka wa pili nikarudi likizo nikiwa na 16 kwa 20 katika fiziolojia ya mimea. Baba mdogo akaniambia: "Mutoto yangu, wewe njo mwenye kusoma, saidia kupunguza majani." Asubuhi nilikuwa nimemsaidia jirani kuangusha migomba yake iliyonyauka. Mchana, kwa panga ile ile, nikapita katika shamba letu, mgomba kwa mgomba. Nilifanya kazi safi, hata nikajipongeza.

Baada ya wiki kadhaa majani yakaanza kugeuka manjano na kuinama kama nguo yenye maji. Mikungu ikaiva kabla ya wakati, na ukikata ndizi, ndani ni kahawia. Ukikata mgomba wenyewe, baada ya dakika chache unatoka uji wa manjano. Njo mnyauko wa bakteria. Na mimi njo niliuleta.

Sasa tuone ile 16 ilipashwa kuniambia nini.

Mgomba hauna shina, ao tuseme hauna lile unaloliona. Lile nene unalokumbatia ni sehemu za chini za majani, zimekunjana moja ndani ya nyingine, na zimejaa maji karibu yote. Shina la kweli liko chini ya udongo, ni gimba, na juu yake kiko kichipukizi kinachozaa majani. Kila jani jipya linapanda katikati kama karatasi iliyokunjwa. Mtoto yeyote wa kijiji anajua hii: ukata mgomba mchanga, rudi kisha saa moja, utakuta katikati pametokeza. Ni jani linaendelea kukua tu, halina habari kama umelikata. Mgomba ukiisha kuzaa majani yake, mara nyingi zaidi ya 30, kichipukizi kinaacha majani na kuanza ua. Hapo shina linapanda ndani ya ule mkunjo mpaka linatokea juu na mkungu. Linazaa mara moja, linakufa. Watoto wanaobaki pembeni njo wanaendeleza boma.

Maji yanapandaje? Hakuna pampu. Jua linapiga jani, maji yanatoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo vya jani, na kwa vile chembe za maji zinashikana, ile inayotoka inavuta ya nyuma yake, mpaka kwenye mzizi. Ni kamba ya maji ndani ya mirija myembamba sana, zilemu. Usiku, wakati jua halivuti, mizizi inasukuma kidogo, ndiyo maana asubuhi mapema unaona matone kwenye kingo za majani hata kama mvua haikunyesha. Sukari inayopikwa ndani ya majani inapita kwa mirija mingine, floemu, na hiyo haina njia moja: inaenda kwa mwenye njaa, iwe mkungu, mizizi, ao mtoto ambaye angali ameshikamana na mama. Njo sababu ukikata majani mingi, mkungu unabaki mdogo.

Muone sasa panga yangu. Kila jani nililokata lilikuwa mirija iliyofunguliwa, na mimi nikaweka ndani yake uji wa mgomba mgonjwa. Bakteria wakaingia kwenye barabara ya maji, wakazaana, wakaiziba. Majani yalikuwa yanakufa kwa kiu, na udongo ulikuwa umelowa. Baba mdogo alikuwa anaongeza maji. Nilimwangalia akibeba ndowo na sikusema kitu.

Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye ensete, ndugu ya mgomba. Mnamo 2001 ulionekana Uganda, na kwetu Masisi. Unasafiri kwa panga, kwa miche, na kwa wadudu. Wadudu wanafuata utamu wa lile ua la dume, ule moyo wa zambarau unaoning'inia chini ya mkungu. Pale maganda yake yanapoanguka panabaki kidonda kibichi, na bakteria wanaingia hapo. Kumbe ua lile halitufaidi kitu! Migomba mingi tunayokula ina kromosomu 33, seti tatu za 11, kwa hiyo mbegu zinashindwa kufanyika, na ndizi inajaa bila mbegu ya dume. Vile vidoti vyeusi ndani ya ndizi ni mbegu zilizoshindwa. Tunapanda watoto tu, na kila mtoto ni mwili ule ule wa mama. Ugonjwa unaomweza mmoja unaweza jamaa yote.

Mwishowe nilimwambia baba mdogo ukweli. Alikaa kimya, kisha akauliza: "Na kitabu kinasema tufanye nini?" Tukaanza. Mgomba wenye dalili tuliukata chini kabisa, usawa wa udongo, bila kung'oa boma lote, kwa vile bakteria hawafiki kwa watoto wote. Kila wiki tunapita tena. Moyo wa dume tunauvunja kwa kijiti chenye panda, siyo kwa kisu, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea. Panga tunaipitisha kwenye moto wa mbabula mpaka inachoma mkono, ao tunaiosha kwa javeli, kila tunapotoka kwa mgomba mmoja kwenda kwa mwingine. Inachosha sana, siwadanganyi.

Mwaka ule minervali haikupatikana, nikapoteza mwaka mzima nikikata na kuchoma. Karibu nusu ya boma zilipona. Baba mdogo mpaka leo hanikubalii kugusa panga yake kabla hajaona moto.