Mgunga Uliao Kama Filimbi

Mtu aliyepata kujenga nyumba Mowlem, upande wa mashariki wa Nairobi, aujua udongo mweusi wa huko. Mvua ikinyesha huvimba na kunata. Kiangazi kikija hupasuka nyufa. Fundi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Lakini udongo wa namna hiyo ndio unaopendwa na mgunga mmoja mdogo, ambao Wamasai huuita eluai. Hata leo mti huo huonekana kwa wingi katika nyanda za Athi na ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi.

Miiba yake ni mirefu na myeupe, na baadhi yake huvimba chini ikawa vifundo vyenye uwazi ndani. Sisimizi huvitoboa matundu wakakaa humo, na upepo ukipita juu ya matundu hayo, mti hulia kama filimbi. Wapangaji hawa hulipa kodi yao. Mti huwapa makao na maji matamu yatokayo majanini. Nao humvamia kila mnyama agusaye matawi, hata ndovu, ambaye hapendi kuumwa ndani ya mkonga.

Kwa mfugaji, matawi hayo ni ua wa boma. Mbuzi hula majani machanga. Tena mti wenyewe ni mgumu, na makaa yake yana moto mkali. Anunuaye makaa kwa mkebe mjini haulizi yametoka mti gani, lakini mchomaji yampasa kujua: mgunga huu ukikatwa na kisiki kikaachwa, huchipua tena. Watafiti wa Laikipia walionyesha mwaka 2001 kwamba mahali palipokatwa pahitaji kama miaka 14 kabla ya kukatwa mara ya pili. Aking'oa kisiki, amejinyima mwenyewe.

Huko huko Laikipia umeingia mgeni mbaya, sisimizi mwenye kichwa kikubwa, asafiriye katika mizigo ya watu. Huwaua wenyeji wa vifundo, wala yeye haulindi mti. Mwaka 2024 wataalamu walieleza kwamba alikofika, ndovu huvunja migunga mara 5 hadi 7 zaidi. Vichaka vimekuwa vyeupe. Simba aliyevizia punda milia humo hana tena pa kujificha, na sasa hupambana na nyati.